Mwiko

Saginaw, Machi. Theluji imegeuka tope,
tope limekauka chumvi kwenye pindo za suruali.
Barabara imefumuka mashimo ya kuogea bata.
Niko kaunta ya pili, beji kifuani: EMMETT, WARANTI.

Bi Loretta Pruszynski hakuja na gari.
Kaja na rimu,
kaivingirisha kwenye taulo la maua ya zambarau
kama mtu aliyemleta paka kwa daktari.

Ni ya tatu, anasema.
Ya kwanza Novemba, mbele kulia. Ya pili baada ya Krismasi.
Hii ya nyuma. Gari halijafikisha maili elfu ishirini.
Kila asubuhi tairi limekaa chini kama uji uliopoa;
jirani analijaza upepo,
jioni upepo umekwenda zake.

Naigeuza. Usoni inang'aa, waweza kunyolea ndevu.
Ndani, karibu na ukingo, ndipo ulipo ufa:
unywele wa mtoto mchanga.
Nikaupitishia ukucha. Ukucha ukakwama.

Ninacho kitabu. Ukurasa wa thelathini na moja, aya ya nne:
*uharibifu utokanao na mashimo, mawe, kingo
au hali yoyote ya barabara.*
Hali yoyote ya barabara!
Sasa gari hili lilitengenezwa litembee wapi?
Hilo sikulisema. Nilisema,
"Mama, uligonga shimo."

"Kijana, hii ni Michigan.
Nitajie mtu ambaye hakugonga shimo.
Gari langu la kwanza liliyagonga hayahaya miaka kumi na saba,
rimu za chuma, bei ya kuku.
Zilipinda. Hazikupasuka."

Kompyuta imeniwekea kisanduku: ATHARI YA NJE.
Alama ya tiki imo tayari.
Nimeikuta hapo tangu nilipoajiriwa.

Ndipo akafungua mkoba, akatoa mwiko.
Mwiko wa kupikia, mweusi kichwani kwa mchuzi.
"Kiwandani nilikaa miaka ishirini na sita, mwisho wa mstari.
Walinipa nyundo ya mbao. Rimu nzima huimba.
Iliyomiminwa vibaya hukohoa."

Akaigonga ya kwake. *Du.*
Kisha akavuka ukumbi, polepole, goti lake la kushoto halikunji,
hadi kwenye zile nne za maonyesho, chini ya taa,
dola mia sita na tisini kila moja.
*Ngeee.* *Ngeee.* *Ngeee.*
*Du.*

Mteja mmoja akashusha gazeti.
Dwight, meneja, akatoka na kahawa yake
akauliza kuna tatizo gani.
Hapana, nikasema. Mimi ndiye niliyesema hapana.

Kwenye kaunta hii maneno mawili hayatamkwi
yakiwa pamoja: *kosa*, *kiwanda*.
Moja moja, ruksa.

Akatia sahihi pale nilipomwonyesha.
Akaifunga rimu yake, akasahihisha pindo la taulo,
akaniambia, bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma,
"Hata mimi wakati mwingine niliziachia. Ijumaa. Zilikuwa nyingi."

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakusema fundi atalipwa na nani.

Gari langu ni la aina ileile.
Nililipata kwa punguzo la wafanyakazi, rimu zilezile, inchi ishirini,
na kiti cha mtoto nyuma.
Sina sikio lile. Nimejaribu kwa kalamu, kwa spana, kwa funguo.
Zote zinanijibu kitu kimoja, au mimi ndiye
ninayesikia kitu kimoja.

Mke wangu anapekua droo za jikoni, wiki sasa,
anauliza nani kachukua mwiko wake.
Uko garini, chini ya kiti.